Ngwe Mbili Kando ya Minyaa

Masalu alilitoa neno lake akiwa amesimama katikati ya maua, na huo ndio ulikuwa ufidhuli wa kwanza. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya jiwe. Wa pili ulikuwa umekanyaga waridi changa ambalo Wilhelmina alikuwa amelipanda juzi tu.

"Mwaka huu shamba lote ni pamba," alisema. "Kuanzia kule bondeni mpaka hapa mlangoni. Luhaga na kundi lake wanakuja kulima Jumamosi."

"Na hapa?" Wilhelmina aliuliza.

"Kwani hapa si shamba?"

Wilhelmina aliinama, akaushika mguu wa kaka yake juu ya kifundo kwa mikono miwili, akauinua na kuuweka pembeni. Kisha akalisimamisha waridi na kulishindilia udongo kwa vidole. Masalu alimtazama hivi hivi, maana tangu utoto wao hakujua la kufanya dada yake anaponyamaza.

Wilhelmina alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na sita hapakuwa na mtu aliyemuuliza neno kuhusu shamba lile, ingawa hapakuwa na mtu aliyelijua kumshinda. Alirudi kwa baba yake, mzee Shimba, mwaka 1979, ndoa yake ilipovunjika, akiwa na sanduku moja la bati. Mzee akafariki, mama akazeekea mikononi mwake, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyelima, aliyepalilia na kuvuna. Kaka yake alikuwa mjini, Nyamagana, karani wa kupima pamba katika chama cha ushirika, mtu wa kalamu sikioni na suruali iliyopigwa pasi ikasimama.

Halafu soko likafunguliwa. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, malori yao yakaanza kupita barabara ya Usagara yakinadi kwa vipaza sauti, na makarani wa chama wakaambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Masalu hakusubiri kuitwa. Wiki moja baada ya uchaguzi wa vyama vingi alishuka kijijini juu ya lori la mtu, na mke wake Dorotea, watoto wanne na godoro, akiwa na wazo moja kichwani. Wazo hilo lilikuwa pamba. Kwa mila yeye ndiye alikuwa mwenye shamba, na hilo Wilhelmina hakulibishia hata siku moja. Alichobishia ni bustani tu.

Na hiyo bustani yenyewe, ukiipima, haikuwa kitu cha kugombanisha ndugu. Ilikuwa kipande kirefu chembamba upande wa juu wa shamba, kando ya ua wa minyaa, hatua thelathini kwa urefu, upana wa matuta manne. Mama yao ndiye aliyeianza. Mengine ya maua yale yalitoka hospitali ya Sengerema, ambako Wilhelmina alimuuguza mama wiki saba. Kila asubuhi alimwomba mtunza bustani tawi moja la kupanda, na siku ya kurudi alivuka na matawi yote katika kivuko cha Kigongo, yakiwa yamefungwa ndani ya kanga mbichi, huku mama amemwegemea begani akimwambia aangalie yasivunjike. Mama alifariki mwaka 1991. Matawi yalishika yote.

Sasa ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimegonga, na yale mayungiyungi mekundu ya nchi kavu, yenye maua ya mviringo, yalikuwa yametokeza ardhini kabla hata ya kutoa majani, kama yafanyavyo kila mwaka. Hayakuwa ya kuliwa. Hayakuwa ya kuuzwa, wala hayakutibu hata mafua. Wilhelmina aliyapenda, basi. Saa kumi jioni, akishaegesha jembe, alikaa kwenye kigoda katikati yake kwa nusu saa bila kufanya chochote, na kwa mwanamke wa kijiji kile, kukaa nusu saa hadharani bila hata kuchambua mboga kulikuwa jirani kabisa na wazimu. Watu walishamzoea. Walipita wakamsalimu, wakamwacha na maua yake.

"Nusu ya maua haya uliyaleta wewe," alimwambia Masalu jioni ile, alipopata sauti. "Ulikuwa unachunga, unarudi na mizizi mfukoni. Mama anakupa maziwa ya kwanza."

"Nilikuwa mtoto, Wilhelmina. Sasa nina watoto wanne na sina kazi. Unataka niwapikie maua?"

Swali lile lilimchoma, maana lilikuwa la haki. Aliwapenda watoto wale. Lakini alijua kupima shamba kwa macho kuliko karani yeyote, na alijua kwamba matuta manne ya hatua thelathini yasingemjazia Masalu hata gunia moja la pamba. Alimwambia hivyo. Masalu akasema shamba halina cha kidogo wala kikubwa, na kwamba mwanamume hawezi kuanza upya huku ameacha kiraka mbele ya mlango wake watu wamcheke. Hapo Wilhelmina akaelewa kwamba habari haikuwa pamba tena. Akaenda kulala akiwa na hasira iliyomnyima hata hamu ya kula.

Asubuhi alikwenda kwa Luhaga.

Mzee Luhaga alikuwa kiongozi wa kundi la kulima na mpigaji wa ngoma yao ya bugobogobo. Kundi hilo lilikuwa na watu kumi na wanane, wanapanga mstari bondeni, kila mmoja na ngwe yake ya matuta mawili, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na hawasimami mpaka mwisho wa shamba. Malipo yao yalikuwa mbuzi na ugali wa kushiba. Kijiji kizima kililiheshimu kundi lile na kuliogopa kidogo, kwa sababu Luhaga alikuwa na sheria zake na hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ng'wana Shimba." Ndivyo Wasukuma walivyomwita, binti wa Shimba. "Umekuja kuomba tuache maua."

"Umeshaambiwa."

"Kaka yako alijua utakuja. Mama, mwenye shamba ni yeye. Akisema mpaka mlangoni, kundi langu linalima mpaka mlangoni. Hatuachi kiraka."

Wilhelmina alikuwa amejua atajibiwa hivyo. Hakuwa amekuja kuomba.

"Mwaka jana mlilima kwa jirani yangu," alisema. "Kulikuwa na maboga yamejiotea kwenye ngwe ya kijana wako Mihayo. Mihayo akalima kushoto na kulia, maboga yakabaki."

"Ngwe ni ya mlimaji. Udongo ukigeuzwa wote, mmea anaouacha umesimama ni juu yake. Mihayo anapenda maboga."

"Na mtu akitaka kuingia kwenye mstari wenu?"

Luhaga akaacha kukaza ngozi ya ngoma. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haya, kama anunuaye ng'ombe.

"Mwenye jembe na mgongo anaingia," alisema polepole. "Lakini mimi sipunguzi ngoma kwa ajili ya mtu. Ukiachwa hatua kumi, walio pembeni yako wanaimeza ngwe yako, na wewe unakwenda kukaa kivulini. Hakuna kulia."

"Na kazi ikishakwisha?"

"Kabla ya mbuzi namuuliza mwenye shamba kama kazi imepokelewa. Akisema imepokelewa, kilichoachwa kimesimama hakiguswi na jembe mpaka pamba ivunwe. Akikigusa, kundi halirudi kwake. Na bila kundi atapalilia na mke wake mpaka waachane."

"Naomba ngwe ya pili kutoka kwenye minyaa," Wilhelmina alisema.

"Bustani yako ni ya ngwe mbili, mama. Nimeiona."

"Naijua. Niandikie moja. Ya ukingoni nitamwomba Mihayo aishike, ayaache maua."

Ila kijijini maneno hayalali. Jumamosi alfajiri, kundi lilipopanga mstari kule bondeni, ngwe ya ukingoni, ile ya kwanza kabisa kando ya minyaa, ilikuwa imeshikwa na Masalu mwenyewe. Alivaa kaptula ya zamani ya shule ya mmoja wa watoto, na jembe lake lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Na mimi ni mwenye mgongo," alimwambia dada yake. "Nusu ya bustani naigeuza kwa mkono wangu. Nusu yako tutaona kama utaifikia."

Upande wa kulia wa Wilhelmina alisimama Mihayo, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajawahi kuachwa na mtu. "Shikamoo, mama," alimwambia kwa heshima zote. "Ukiachwa nitakumeza. Unisamehe mapema."

"Marahaba. Lima, mwanangu."

Ngoma ikalia.

Tusidanganyane: robo ya kwanza ilimtesa. Wilhelmina alikuwa mlimaji wa kila siku, lakini mlimaji wa peke yake, wa kusimama akitaka na kupumzika akichoka. Ngoma ya Luhaga haikumuuliza mtu kama amechoka. Majembe ishirini yalipanda pamoja, yakashuka pamoja, udongo ukageuka, mstari ukasogea hatua moja, tena, tena. Akaanza kwa kushindana na mikono ya Mihayo, na hilo lilikuwa kosa, maana kijana alikuwa anarusha jembe juu ya kichwa kwa mbwembwe na yeye akajaribu kumuiga. Kabla jua halijatoka vizuri alikuwa ameachwa hatua nne, kisha sita. Mihayo akageuka kidogo kumtazama, na Wilhelmina akaona huruma machoni mwake. Huruma ile ilimuudhi kuliko kitu chochote alichoambiwa wiki nzima.

Akaacha kumtazama Mihayo. Akalima kama alivyofundishwa na mama yake, jembe halivuki bega, linashuka kwa uzito wake lenyewe, mkono unaliongoza tu. Hakuna anayeshangilia kilimo cha namna hiyo. Lakini jembe halikukosa pigo hata moja la ngoma, na polepole zile hatua sita zikawa tano, zikawa tatu. Katikati ya shamba alikuwa sambamba na kijana, na jasho lilikuwa limemwingia machoni mpaka akawa anaona kwa shida. Alijikaza kisabuni. Upande wake wa kushoto alisikia pumzi ya kaka yake, nzito, inayokatika, na jembe jipya linalogonga chini likichelewa.

Masalu alikuwa na nguvu, mtu asimdharau. Ila mkono ulioshika kalamu miaka ishirini hauna ngozi ya kushikia mpini. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, na mpini ukawa unateleza kwa damu. Alikunja uso akaendelea, na Wilhelmina, pamoja na hasira zake zote, alimwonea fahari. Kisha wakafika kwenye kichuguu kilichosawazishwa zamani, udongo mgumu kama sakafu, na hapo Masalu akasimama. Alijifunga leso mkono wa kulia. Alipomaliza kujifunga wa kushoto mstari ulikuwa umeshamtangulia hatua nane.

"Kaka, njoo," Wilhelmina alisema bila kugeuka, na hata yeye hakujua kwa nini alisema.

Masalu alinyanyua jembe mara tatu. Ya nne hakuiweza.

"Kumi!" Luhaga alitangaza kutoka kwenye ngoma, akiimba ndani ya wimbo wenyewe, bila kukatisha pigo. "Ya ukingoni imeachwa! Nani yuko pembeni?"

Pembeni upande mmoja palikuwa na minyaa. Upande wa pili alikuwepo mtu mmoja tu.

"Mimi," alisema Wilhelmina. "Naimeza."

Mstari mzima ulicheka na kushangilia, maana mtu akimeza ngwe analima mbili, matuta manne badala ya mawili, na ngoma ni ile ile. Vijana wenye vifua vyao walishindwa kufanya hivyo zaidi ya hatua tano. Kutoka pale alipokuwa mpaka mwanzo wa bustani zilibaki hatua ishirini, mbali na zile kumi za nyuma alizoachiwa, tena za udongo mkavu uliokanyagwa na ng'ombe. Akiachwa hapo, Mihayo angechukua ngwe zote mbili, na Mihayo alipenda maboga tu.

Namna alivyozilima hatua zile, mwenyewe baadaye hakuweza kueleza. Alipiga jembe kushoto, akaruka, akapiga kulia, akarudi. Alikosa pumzi, na masikio yakaziba, ngoma akawa anaisikia miguuni. Aliachwa hatua tatu. Aliachwa tano. Dorotea, wifi yake, ambaye tangu siku ya pili ya kufika alikuwa ameweka maua yale kwenye kopo la maziwa mezani kwake, alisimama mlangoni ameshika mdomo. Hatua saba. Mihayo alikuwa ameanza kusogeza jembe lake kushoto, tayari. Nane. Wilhelmina aliona rangi nyekundu mbele yake chini, akajua ni yungiyungi la kwanza.

Akaingia bustanini.

Na hapa ndipo kundi zima lilipojifunza jambo ambalo Wilhelmina alilijua tangu mwanzo. Udongo wa bustani ile ulikuwa laini. Kwa miaka kumi na sita ulikuwa umelishwa samadi na majivu na kuvunjwa kwa vidole mpaka ukawa hauna donge. Wengine walikuwa wanagonga ardhi ngumu mpaka nguvu zinawaishia. Yeye jembe lake lilizama lenyewe. Hakuhitaji kutazama. Alijua waridi liko wapi, jasmini iko wapi, alijua hata vile viazi vya maua vilivyolala chini bado havijaota, na jembe lilipita katikati, likageuza udongo, likaacha mmea, likapita tena. Nane zikawa sita. Mihayo akarudisha jembe lake kwenye ngwe yake. Sita zikawa mbili. Hatua kumi kabla ya mlango alikuwa sambamba na mstari, na ngoma ilipokata, majembe ishirini kasoro moja yalishuka kwa pigo moja la mwisho. Nyuma yake matuta manne yalikuwa yamepinda hapa na pale, yamegeuzwa yote, na maua yalikuwa yamesimama ndani yake.

Alikaa chini pale pale. Hakuona aibu.

Luhaga alipita taratibu, anakagua matuta kwa fimbo kama ilivyo desturi yake. Alipofika kando ya minyaa alichoma udongo mara nyingi kuliko kwingine, akitafuta mahali palipobaki bila kugeuzwa. Hakupaona. Akakohoa, akaenda kusimama mbele ya Masalu, aliyekaa kivulini na mikono iliyofungwa vitambaa na Dorotea, mbuzi amefungwa karibu yake.

"Mwenye shamba," Luhaga alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kazi imepokelewa?"

Wilhelmina hakumwangalia kaka yake. Aliangalia chini, maana jasho lote lile lilikuwa linaning'inia kwenye neno moja la mtu aliyeshindwa mbele ya watu.

Masalu alitazama shamba, akaanzia bondeni, akapandisha macho polepole mpaka kwenye bustani. Mayungiyungi yalikuwa yamerukiwa na udongo mwekundu, yamesimama vile vile.

"Ile ya ukingoni niliachwa," alisema hatimaye. "Imemezwa na nani?"

"Na Ng'wana Shimba. Unajua."

"Mimi napokea kuanzia kwa Mihayo kwenda kule. Zile mbili za huku si jasho langu." Alijaribu kusimama, mgongo ukakataa, akabaki amekaa. "Muulizeni mwenyewe."

Luhaga hakuwa amewahi kuombwa jambo kama hilo. Aliwaza, akakuna kidevu kwa fimbo, kisha akatembea mpaka mbele ya Wilhelmina, Mihayo na vijana wakimfuata, akasimama wima kama anavyosimama mbele ya wenye mashamba.

"Ng'wana Shimba. Kazi imepokelewa?"

Miaka kumi na sita alikuwa ameisikia ngoma ile ikilia katika mashamba ya watu, na kila mara swali lile lilikwenda kwa mwanamume fulani aliyekaa kivulini. Alitaka kulijibu vizuri, kwa heshima yake, akiwa amesimama. Akajishika kwenye mpini wa jembe, akajiinua.

"Imepokelewa," alisema. "Ila Mihayo autoe mguu kwenye waridi langu."